Bakteria wa oili chafu na michirizi yao ya DNA

Fundi mmoja pale Grogan, mtaa wa magereji Nairobi, alinikuta nimechuchumaa kando ya gereji yake, nachota udongo mweusi kwa kijiko. "Daktari, kuna dhahabu hapo?" Nikamwambia natafuta walaji. Oili chafu imemwagwa hapo miaka nenda miaka rudi, na penye chakula hapakosi mlaji.

Maabarani udongo huo hutiwa kwenye chupa ya maji yenye chumvi za madini tu, na tone la oili. Asiyeweza kula oili atakaa njaa. Siku chache baadaye maji yanapoteza uangavu: bakteria wala oili wamezaana.

Safari hiyo nilipata makoloni 12, yaani vishungu vya bakteria, ya rangi ya krimu, yamefanana kama maharagwe. Je, ni bakteria 12, au ni mmoja amenijia mara 12? Jini (kipande cha DNA chenye maagizo) iitwayo 16S, yenye herufi za DNA kama 1,500, hutaja ukoo, tuseme Pseudomonas au Acinetobacter. Ndugu wa karibu inawachanganya. Kwa hiyo natumia vipande vifupi vinavyojirudia huku na kule ndani ya DNA. Mashine ya PCR hunakili sehemu zilizo kati ya vipande hivyo, mzunguko baada ya mzunguko, kisha nakala zinatiwa kwenye jeli na kupitishiwa umeme. Fupi hutangulia, ndefu huburura miguu. Chini ya taa ya urujuanimno unaona michirizi, kila aina na yake, kama punda milia.

Mara ya kwanza hata kitundu cha jeli cha sampuli ya maji matupu, isiyotiwa bakteria, kilitoa michirizi. Kumbe maji yangu yenyewe yalikuwa na wageni. Nilimwaga kila kitu, kazi ya siku tatu.

Nilipolirudia jaribio, wale 12 wakawa aina nne. Nikafurahi mapema mno. Wawili wa aina moja, michirizi ileile, mmoja alimaliza oili na mwenzake hakuigusa. Huyo wa pili nilikuwa nimemlea miezi kadhaa kwenye agari, jeli ya kuoteshea bakteria, yenye lishe tele. Kwa baadhi ya bakteria, jini za kula oili hubebwa kwenye plasmidi, kipete cha DNA kilicho pembeni. Pseudomonas putida GPo1 ni mfano maarufu. Mwenye shibe huweza kukiangusha, na michirizi isioneshe lolote. Huyo wangu namshuku hivyo.

Siku hizi hata wanaokaa kwenye friji nawapa oili. Yule fundi huniwekea kwenye chupa ya soda.