Kidonda cha mti hakihitaji rangi

Hapa Nakuru, ukipogoa jakaranda au mparachichi, jirani hakosi kukushauri upake jeraha rangi au oili chafu, eti mti usioze. Ushauri huo una nia njema, lakini si sahihi.

Mti hauponi kama ngozi yetu. Haurudishi upya sehemu iliyoharibika; huizingira kwa kuta za kemikali ndani ya shina, huku nje ukikuza gome jipya taratibu mpaka kidonda kifunikwe. Alex Shigo, mtafiti wa idara ya misitu ya Marekani, alipasua miti mingi kwa msumeno akaliona hilo wazi. Rangi haizuii kuoza. Mara nyingine hufungia unyevu ndani, na kuvu hupenda unyevu.

Kinachosaidia ni mahali pa kukata. Tawi linapotokea shinani pana uvimbe kama kola ya shati. Kata nje kidogo tu ya uvimbe huo: usiukwangue, wala usiache kisiki kirefu. Tawi zito lianze kukatwa upande wa chini, mbali kidogo na shina, lisije likachuna gome likianguka. Hapo ndipo wengi hukosea, na inauma kuona. Likiwa karibu na nyaya za umeme, usipande kabisa. Waite wenye kazi yao.