Meli tisa za mafuta, manowari nne: mabaharia wa Norwei katika msafara wa TM 1

Wanafunzi wanaotembelea chumba chetu cha historia ya bahari wakifika kwenye ramani ya Atlantiki ya wakati wa Vita Kuu ya Pili, hapakosekani mmoja wa kuuliza: kama meli za mizigo zilikuwa zinasindikizwa na manowari, ilikuwaje zikazama nyingi vile? Huwa najibu kwa kuwasimulia msafara mmoja tu, mdogo, uliojulikana kwa jina la TM 1. Ndani yake kulikuwa na meli nne za mafuta za Norwei. Iliyofika ni moja.

Kwanza tuelewane kuhusu Norwei yenyewe. Wajerumani waliivamia tarehe 9 Aprili 1940. Wakati huo nchi hiyo yenye watu wachache ilikuwa na meli za biashara zaidi ya elfu moja zilizotapakaa duniani, na meli zake za mafuta zilikuwa miongoni mwa zile mpya na zenye kasi kuliko za wengi, kwa sababu wenye meli wa Norwei waliwahi kuacha mvuke wakahamia injini za dizeli. Ndiyo maana mbele ya majina ya meli hizo utaona herufi M/T, yaani meli ya mafuta inayoendeshwa kwa injini hizo. Serikali iliyoungwa mkono na wavamizi iliwaamuru manahodha warejee nyumbani au waingie kwenye bandari zisizo upande wowote. Waliokuwa baharini huru walipuuza. Serikali halali ya Mfalme Haakon wa Saba ilizichukua meli zote na kuziweka chini ya shirika moja, Nortraship, lenye ofisi London na New York. Baharia aliyekuwa akipakia Texas au Curaçao siku ile alibaki baharini kwa miaka mitano, bila likizo ya kwenda kwao, na mara nyingi bila hata barua ya mkewe.

Tuje kwenye msafara. Novemba 1942 majeshi ya Marekani na Uingereza yaliteremka Afrika Kaskazini. Vifaru, ndege na malori yaliyoshushwa Moroko na Aljeria yalitaka mafuta, na mafuta yalikuwa ng'ambo ya bahari, katika visima na viwanda vya Karibiani. Tarehe 28 Desemba 1942 msafara wa meli za mafuta ukang'oa nanga kutoka Trinidad kuelekea Gibraltar. Herufi TM zilimaanisha safari ya Trinidad hadi Mediterania. Meli zilizounda msafara huo zilikuwa tisa. Tano zilikuwa za Uingereza, na nne za Norwei: Albert L. Ellsworth, Minister Wedel, Norvik na Vanja. Norvik ilikuwa kubwa, zaidi ya tani 10,000 kwa kipimo cha ujazo, nayo ilikuwa na umri wa miaka minne tu.

Wasindikizaji walikuwa manowari nne za Uingereza: Havelock, ambayo ilikuwa ya kasi, na korveti tatu, yaani manowari ndogo za kusindikizia, zilizoitwa Godetia, Pimpernel na Saxifrage. Hapo wanafunzi huanza kupiga hesabu: manowari nne kwa meli tisa, si haba. Mimi mwenyewe nilipoanza kazi hii niliona hivyohivyo.

Lakini jaribu kuipiga picha hali yenyewe. Meli hizo zinakwenda kwa safu, zimeachana mamia ya mita ili zisigongane usiku, taa zote zimezimwa. Eneo la maji linalotakiwa kulindwa ni kubwa kuliko mji mdogo. Kila manowari inakaa upande wake, na macho ya mabaharia wake usiku hayaoni kitu. Wanategemea mambo matatu: sauti ya kifaa cha kusikiliza chini ya maji, rada ya kuonyesha nyambizi iliyoibuka juu, na mtambo wa kunasa mwelekeo wa redio ya adui kila anapotuma ujumbe. Nyambizi za Kijerumani zilipenda kushambulia usiku zikiwa juu ya maji, ambako kifaa cha kusikiliza kilikuwa hakisaidii sana. Kwa hiyo rada ndiyo iliyokuwa roho ya ulinzi. Na katika TM 1, rada za baadhi ya wasindikizaji ziligoma njiani.

Jioni ya tarehe 3 Januari 1943 nyambizi U-514 ikaukuta msafara kwa bahati tu na kuipiga topido meli ya Kiingereza British Vigilance. Kisha ikaupoteza. Kwa siku tano kukawa kimya. Kimya hicho ndicho kilichokuwa kibaya, kwa sababu huko makao makuu ya nyambizi, Admirali Karl Dönitz alikuwa ameshaelewa: meli za mafuta zinatoka Karibiani kwenda mashariki, basi zinakwenda wapi kama si Gibraltar? Akalipanga kundi lake lililoitwa Delphin, maana yake Pomboo, likawa kama nyavu mbele ya njia yenyewe.

Na hapa ndipo ninapowataka wasomaji wakae kidogo. Makao makuu ya jeshi la majini London yalimshauri kamanda wa wasindikizaji abadilishe njia. Yeye, Kamanda Richard Boyle, akashika njia yake ileile. Si ukaidi. Manowari zake zilikuwa zinakaribia kuishiwa mafuta, na zilitakiwa kujazwa baharini kwa mpira mrefu kutoka kwenye meli iliyo mbele, kazi isiyowezekana mawimbi yakiwa makubwa. Kwenye njia aliyoishika bahari ilikuwa tulivu zaidi. Yaani walinzi wa meli zilizosheheni mafuta walilazimika kuchagua njia kwa sababu ya mafuta. Njia hiyo ikawapeleka moja kwa moja kwenye nyavu za Pomboo. Wapo wanaomlaumu Boyle hadi leo. Mimi siwezi: manowari iliyokauka matangi katikati ya Atlantiki hailindi mtu, yenyewe ndiyo inayohitaji kulindwa.

Usiku wa tarehe 8 Januari, magharibi ya visiwa vya Kanari, U-436 ikawapiga wawili kwa mkupuo: Oltenia II ya Waingereza na Albert L. Ellsworth. Kabla hakujapambazuka tarehe 9, U-522 ikazipiga Minister Wedel na Norvik, na U-442 ikaipiga Empire Lytton. Halafu ikafuata British Dominion.

Kuna jambo moja kuhusu meli ya mafuta ambalo wengi hawalijui. Wengi hudhani ikipigwa hulipuka palepale. Inapobeba petroli nyepesi, ndiyo, moto unaweza kuwala watu wote kwa dakika chache. Ila inapobeba mafuta mazito, mara nyingi inakataa kuzama. Ngama yake imegawanywa kwa kuta za chuma kuwa matangi mengi, topido inatoboa mawili matatu, mengine yanabaki mazima. Na mafuta yenyewe ni mepesi kuliko maji ya chumvi, hivyo yanaibeba meli. Mabaharia wanaingia kwenye mashua za kuokolea, wanasogea pembeni, na wanaitazama meli yao imeinama, imetulia, kama inayosubiri. Ndivyo ilivyokuwa kwa Albert L. Ellsworth: siku ya pili U-436 ilirudi na kuimalizia kwa mizinga. Minister Wedel na Norvik nazo zilirudiwa baadaye. British Vigilance iliyopigwa ya kwanza kabisa iliendelea kuelea bila mtu hadi tarehe 24 Januari, ilipokutwa na nyambizi nyingine na kuzamishwa. Wiki tatu chombo kinatanga na bahari.

Tarehe 14 Januari wasindikizaji wanne waliingia Gibraltar na meli mbili: Cliona ya Uingereza na Vanja ya Norwei. Saba kati ya tisa zilikuwa zimepotea, zaidi ya robo tatu ya msafara mzima. Baada ya hapo Marekani, Uingereza na washirika wao walianza misafara ya meli za mafuta zenye kasi zaidi, ikiwa na ulinzi mzito zaidi.

Wanafunzi wetu wa Pwani huniuliza kama mambo haya yalifika huku. Yalifika. Kilindini, bandari ya Mombasa, ilikuwa kituo kikuu cha manowari za Uingereza za Mashariki kwa kipindi fulani cha vita, na Februari 1944 msafara wa meli tano za kubeba askari uliondoka hapo kuelekea Colombo. Tarehe 12 nyambizi ya Kijapani I-27 iliizamisha Khedive Ismail karibu na Maldivi, wakafa watu 1,297, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki na wauguzi. Nao walikuwa wanasindikizwa.

Kuhusu Wanorwei, vita vilipokwisha zaidi ya mabaharia 3,000 walikuwa wamekufa na karibu nusu ya meli za Nortraship zilikuwa chini ya maji. Waliobaki walikuwa na dai. Wakati wa vita sehemu ya malipo yao ya hatari ilizuiwa na kuwekwa kwenye mfuko wa siri, ili mishahara yao isiwapite mno mabaharia wa Kiingereza. Waliamini fedha hizo ni zao na watapewa baada ya vita. Hawakupewa. Walikwenda mahakamani, na mwaka 1954 Mahakama ya Juu ya Norwei ikawakatalia. Mwaka 1972 bunge lilikubali kuwalipa kroni 180 kwa kila mwezi mmoja waliokuwa baharini, wakati wengi wao walikuwa wamekwisha kufariki. Serikali iliomba radhi rasmi mwaka 2013.