Ule mtungi wa zimamoto sio oksijeni, na mengine tunayodanganyana kuhusu vifaa vya kazini

Jamani nianze na mtungi, maana hili nalisikia kila siku. Mtu akimwona askari wa zimamoto na mtungi mgongoni anasema kabeba oksijeni. Sio oksijeni, ni hewa ya kawaida hii hii tunayovuta mimi na wewe, oksijeni ndani yake ni kama asilimia 21 tu, imechujwa ikashindiliwa kwa presha kubwa basi. Hebu fikiria angeingia kwenye nyumba inayowaka na oksijeni tupu halafu ikavuja, si atakuwa ameupelekea moto chakula chake? Na ukisikia mtungi ni wa dakika 30 usidhani ni dakika 30 kwa kila mtu, anayepanda ngazi huku amebeba mpira wa maji begani anahema kwa kasi na hewa inaisha mapema, ndo maana kuna kengele inalia ikibaki kidogo.

Halafu eti lile koti lao haliungui. Linaungua! Lina tabaka tatu, la nje linahimili moto, la kati linazuia maji na la ndani linachelewesha joto, na neno lenyewe ni hilo, kuchelewesha, yaani linampa muda wa kufanya kazi na kutoka. Likiloa jasho kwa ndani, joto likizidi ile unyevu inageuka mvuke na kumbabua humo humo.

Kofia ngumu ya ujenzi nayo inanipa shida sana. Wengi wanaamini kinachokukinga ni lile gamba la nje peke yake. Kumbe ile mikanda ya ndani ndo inapokea pigo na kulisambaza, na ule uwazi kati ya kichwa na gamba umeachwa makusudi, sasa mtu anachomeka humo glavu au pakti ya sigara, ameshaziba nafasi iliyotakiwa kumwokoa. Na kofia ikishapigwa na kitu kizito itupwe hata kama huoni ufa. Hata jua tu linaichakaza plastiki yake taratibu, kwa hiyo ile ya miaka mingi iliyopauka sio ya kurithishana.

Buti zenye chuma mbele ya vidole: kuna stori imeenea kwamba kitu kizito kikikuangukia kile chuma kinakukata vidole, bora uvae viatu laini. Hapana kabisa. Buti za kiwango cha kimataifa cha ISO 20345 zinapimwa kwa pigo la joule 200, ni kama kilo 20 zidondoke kutoka urefu wa mita moja hivi. Mzigo wa kukunja chuma hicho ungekuwa umeshaponda vidole vyako zamani kama usingekuwa na chuma.

Fulana ya kuzuia risasi, kwa kifupi, haizuii kila risasi. Ile laini, ya nyuzi kama Kevlar aliyoigundua mkemia Stephanie Kwolek pale kampuni ya DuPont mwaka 1965, inazuia risasi za bastola. Bunduki kubwa inahitaji mabamba magumu yaongezwe. Na kisu ni habari nyingine, kina fulana zake, maana ncha kali inaweza kupenya katikati ya nyuzi zilizosimamisha risasi.

Sasa glavu, hapa naomba mnisikilize vizuri. Watu wanaona glavu ni usalama popote pale. Fundi anayetumia keekee kubwa ya kusimama au mashine ya kukereza akivaa glavu za kitambaa amejiweka hatarini zaidi, kile kinachozunguka kikinasa uzi mmoja tu kinavuta glavu na mkono wote kabla hajafikia swichi. Na hospitali ni kinyume cha wanavyodhani, glavu haifuti kunawa mikono, inaweza kuwa na kitundu usichokiona, na wakati wa kuivua uchafu unahamia mkononi. Unanawa kabla na unanawa baada, na kila mgonjwa na glavu zake.

Mafundi wa kuchomelea, miwani ya jua sio kinga. Mwanga wa ule umeme unahitaji kioo chenye giza la namba 10 na kuendelea kwenye kazi nyingi, na macho yakishaungua hujui saa hiyo hiyo, unakuja kushtuka usiku unahisi mchanga umejaa machoni.

Na ile saa ndogo ambayo baadhi ya manesi wanaibandika kifuani, mtu anasema ni pambo na tena imewekwa kichwa chini. Anayeisoma ni nesi mwenyewe akiinamisha macho, vidole vyake viko kwenye mapigo ya mgonjwa, na mkono hauna saa ili anawe mpaka juu ya kifundo cha mkono bila kitu cha kuficha vijidudu.