Maana ya dereva wa mbio wa muda katika miaka ya baada ya vita

Dereva wa mbio wa muda ni mtu aliyeshindana katika mbio za magari huku riziki yake kuu ikitoka kwenye kazi nyingine. Huko Ulaya, katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kuanzia 1946 hivi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, watu wa namna hii ndio waliojaza orodha za washindani: wenye gereji, wauza magari, wahasibu, wanafunzi wa vyuo vikuu na watu wa koo zenye mali ya urithi. Johnny Claes wa Ubelgiji alikuwa mpiga tarumbeta na kiongozi wa bendi ya jazi kabla ya kununua gari aina ya Talbot-Lago, kulipaka rangi ya njano ya nchi yake na kuingia nalo katika mbio za ubingwa wa dunia. Kwa msomaji aliyezoea langalanga ya leo, ambamo dereva ni mwajiriwa wa timu yenye mamia ya wafanyakazi, jambo hili linahitaji maelezo, na inafaa maelezo yaanzie kwenye neno lenyewe.

Kiswahili cha michezo kina maneno mawili yaliyozoeleka, yaani mchezaji wa ridhaa na mchezaji wa kulipwa. Bondia wa ridhaa hupigania medali, na bondia wa kulipwa hupigania fedha. Dereva ninayemzungumzia hapa hakai sawasawa upande wowote. Hakuwa wa ridhaa, kwa sababu waandaaji wa mbio walimpa fedha za kushiriki, ambazo alizipata kwa kufika na gari lake na kulipanga mstarini tu, kisha akapata zawadi kama angemaliza katika nafasi za mbele, na makampuni ya mafuta na matairi nayo yaliweza kumwongezea kidogo. Wala hakuwa wa kulipwa kwa maana kamili, kwa kuwa fedha hizo ziliishia kwenye vipuri, nauli ya meli na malazi, wala hazikuilisha familia yake. Ndiyo maana naona “wa muda” ndilo neno linalofaa, mradi lieleweke kama tunavyomwita mtu mwalimu wa muda bila kumaanisha kwamba hajui kufundisha. Neno hilo linataja saa alizokuwa nazo, wala halisemi lolote kuhusu uwezo wake mtu huyo akishika usukani.

Mazingira ya wakati ule yalimruhusu mtu kama huyo kuwapo. Magari mengi ya mbio yaliyopatikana mara tu baada ya vita yalikuwa ya kabla ya 1939, na mtu mwenye kipato kizuri na ujuzi wa spana aliweza kununua moja na kulitunza mwenyewe. Viwanja navyo vilitokana na vita. Uingereza ilikuwa imebaki na viwanja vingi vya ndege za kivita visivyo na kazi tena, vyenye lami pana na barabara ya kuvizunguka. Goodwood palianza mbio Septemba 1948, na Silverstone pakapokea mbio zake kubwa za kwanza Oktoba mwaka huohuo, kona zikionyeshwa kwa mapipa na marobota ya majani makavu. Kalenda pia haikumlazimisha mtu kuacha kazi. Msimu wa kwanza wa ubingwa wa dunia, ule wa 1950, ulikuwa na mbio 7 tu, ikiwemo ile ya Indianapolis nchini Marekani ambayo kwa kawaida madereva wa Ulaya hawakuifuata. Mbio nyingine nyingi, zisizo za ubingwa, zilifanyika Jumamosi au siku za mapumziko kama Jumatatu ya Pasaka, hivyo mtu aliweza kushindana na kuwa kazini asubuhi iliyofuata.

Mbio za kwanza kabisa za ubingwa huo, zilizofanyika Silverstone tarehe 13 Mei 1950, zinaonyesha mpangilio mzima kwa mara moja. Nafasi tatu za mbele zilichukuliwa na magari ya kiwanda cha Alfa Romeo, Giuseppe Farina akiwa mshindi. Nyuma yao walifuata Wafaransa wawili katika magari ya Talbot-Lago, mmoja wao akiwa Louis Rosier, mwenye gereji wa Clermont-Ferrand. Wa 6 alikuwa Bob Gerard, mfanyabiashara ya magari wa Leicester, na wa 7 Cuth Harrison, muuza magari wa Sheffield, wote wawili wakiendesha magari ya ERA yaliyoundwa kabla ya vita. Mwaka ule pointi zilitolewa kwa watano wa kwanza tu. Gerard alimaliza wa 6 tena Monaco wiki moja baadaye, na kwa hiyo jina lake halina pointi hata moja kwenye kumbukumbu za msimu huo. Anayesoma jedwali peke yake atadhani alikuwa msindikizaji. Mimi naona kwamba kumaliza mara mbili mfululizo ukiwa na gari la zamani unalolitunza kwa mfuko wako, mbele ya magari mapya yaliyokufa njiani, ni kazi ya dereva hodari. Rosier naye, mwezi uliofuata, alishinda mbio za saa 24 za Le Mans akiendesha karibu muda wote mwenyewe. Mwanawe Jean-Louis, aliyekuwa mwenzake katika gari hilo, alimpokea kwa mizunguko miwili tu.

Hapa ndipo uchumi unapoeleza uendeshaji. Dereva wa kiwanda akiharibu injini, kiwanda hutoa nyingine. Dereva wa muda akiharibu injini, ameharibu mali yake mwenyewe, na huenda amepoteza fedha za kushiriki za mbio tatu zijazo kwa sababu hatakuwa na gari la kupeleka. Kwa hiyo alibadili gia mapema kidogo, akafunga breki mapema kidogo, na akamwacha mwenye haraka apite, akijua kwamba mwenye haraka anaweza kuonekana baadaye amesimama kando ya barabara huku moshi unatoka. Mazungumzo na waandaaji yalikuwa sehemu ya kazi hiyo: aliandika barua, akataja gari lake na matokeo yake, akapatana bei. Mwandaaji alikuwa tayari kumlipa zaidi dereva wa nchi yake, maana watazamaji walikuja kumwona mtu wao. Horace Gould wa Bristol, mwenye biashara ya magari, aliingia mbio za Ulaya na gari lake la Maserati 250F kwa utaratibu huu, na mwaka 1956 akamaliza wa 5 katika mbio kuu za Uingereza.

Kwa asiye na fedha za Maserati kulikuwa na mlango mwingine, nao ulikuwa magari madogo ya injini ya sentimita za ujazo 500. Mwaka 1946 Charles Cooper na mwanawe John, wenye gereji huko Surbiton, waliunganisha sehemu za mbele za magari mawili madogo ya Fiat na kuweka injini ya pikipiki nyuma ya dereva, kwa kuwa hapo ndipo mnyororo ulipofika kwa urahisi kwenye magurudumu ya nyuma. Uamuzi huo wa gereji ulizaa, mwaka 1959 na 1960, magari ya Cooper yaliyompa Jack Brabham ubingwa wa dunia.

Nikitakiwa kuonyesha dhana hii kwa mtu mmoja, nitamchagua Tony Brooks. Alizaliwa mwaka 1932 huko Dukinfield, kaskazini mwa Uingereza, mtoto wa daktari wa meno, na alikuwa akisomea udaktari huohuo Manchester alipoanza kushindana mwaka 1952. Gari lake la kwanza lilikuwa Healey Silverstone, aina ambayo inafaa kutazamwa kwa karibu kwa sababu inaeleza maisha yenyewe: taa zimefichwa nyuma ya wavu wa mbele, na tairi la akiba limelazwa nyuma, nusu yake ikitokeza nje ili liwe bampa. Lilikuwa gari la kuendeshwa barabarani hadi uwanjani, kushindana nalo, na kurudi nalo nyumbani.

Oktoba 1955 alipigiwa simu na timu ndogo ya Connaught iliyohitaji dereva wa kwenda Syracuse, Sicily. Alikuwa na umri wa miaka 23 na hakuwa amewahi kuendesha gari la Formula 1. Ndani ya ndege alisoma vitabu vyake vya meno, kwa kuwa mitihani ilikuwa karibu. Magari ya timu yalichelewa kufika, hivyo akajifunza njia ya mbio kwa kuizunguka na skuta ya kukodi, akihesabu kona na kuta za mawe zilizokaa karibu mno na barabara. Kisha akakishinda kikosi cha kiwanda cha Maserati katika mbio za mizunguko 70, akimwacha Luigi Musso nyuma kwa sekunde zipatazo 50. Tangu miaka ya 1920 hakuna Mwingereza aliyekuwa ameshinda mbio kuu nje ya nchi yake kwa gari la Kiingereza. Baada ya hapo alirudi kwenye vitabu vyake.

Hatari ilikuwa ileile kwa mwenye mkataba na asiye nao. Kofia ngumu zililazimishwa mwaka 1952 tu, na mikanda ya usalama haikutumika. Ajali ya Le Mans ya Juni 1955 iliua watazamaji zaidi ya 80, na Uswisi ikapiga marufuku mbio za magari. Brooks mwenyewe alirushwa nje ya gari la BRM lililopinduka na kuungua Silverstone mwaka 1956, akavunjika taya, na mwaka 1957 gari lake lilipinduka Le Mans. Wiki chache baadaye, akiwa bado na majeraha, alianza mbio za Aintree katika gari la Vanwall. Mwili ulipochoka alimpisha mwenzake wa timu, Stirling Moss, ambaye gari lake lilikuwa na hitilafu, na Moss akatoka nafasi ya 9 hadi ya kwanza, ushindi wa kwanza wa gari la Kiingereza katika mbio za ubingwa wa dunia. Moss pia alikuwa mtoto wa daktari wa meno, na baba yake, Alfred, alishiriki Indianapolis mwaka 1924. Lakini mtoto alifanya mbio kuwa kazi yake ya pekee, akawa na meneja na ratiba ya wiki kwa wiki, na njia yake ndiyo iliyokuja kushinda. Gharama zilipanda, mbio ziliongezeka, na kufikia miaka ya 1960 mwenye duka hakuweza tena kuzifuata.

Afrika Mashariki aina hii ya dereva iliishi zaidi. Mbio za Safari zilianzishwa mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na washindani walikuwa wakazi wenye kazi zao, katika magari ya kawaida yaliyogawanywa kwa bei ya dukani. Joginder Singh, fundi wa magari aliyejulikana kwa jina la Simba, alishinda mwaka 1965 akiwa na ndugu yake Jaswant katika Volvo iliyokwisha kutumika, kisha akashinda tena mwaka 1974 na 1976.

Brooks alimaliza masomo, lakini mbio zikampeleka mbali kuliko kiti cha meno, hadi timu ya Ferrari mwaka 1959. Desemba mwaka huo, huko Sebring, Marekani, akiwa bado na nafasi ya kuwa bingwa wa dunia, aligongwa na mwenzake wa timu mara tu baada ya kuanza. Baada ya ajali zake mbili alikuwa ameapa kutoendesha gari asilo na hakika nalo, kwa hiyo alisimama mafundi walikague. Gari lilikuwa zima. Alimaliza wa tatu, na ubingwa ukaenda kwa Brabham. Oktoba 1961, akiwa na miaka 29, alimaliza wa tatu Watkins Glen na kuacha mbio. Akafungua biashara ya magari Weybridge, karibu na mabaki ya Brooklands, uwanja wa mbio uliofunguliwa 1907 na ambao vita viliufunga mwaka 1939.