Nani ana ruhusa ya kusimamisha pembea?

Mimi ni fundi mitambo hapa Malindi, na kazi yangu ni vile vitu watu wanavipanda kwa raha bila kuvifikiria: slaidi za maji za mahoteli, lifti, na ikikaribia Idi basi na pembea za uwanjani. Vijana ninaowafundisha wanashangaa mbona kila mara nawatajia Disneyland, ile bustani ya michezo ya California huko Marekani, mahali ambapo hata sijawahi kukanyaga. Sababu ni kwamba pale unaweza kuyaona matengenezo yakishuka hatua kwa hatua, manake ile bustani inapendwa mno, wapenzi wake wanaijua mpaka rangi ya kila mlango, na ajali zake kubwa zilichunguzwa na serikali na matokeo yakatolewa hadharani. Huku kwetu chuma kikikatika tunasema ni kudra, tunachomelea, tunaendelea.

Disneyland ilifunguliwa tarehe 17 Julai 1955 pale Anaheim, na mwenyewe Walt Disney alikuwa mkali sana kwa usafi na rangi. Kazi kubwa inafanyika usiku wageni wakishatoka, mafundi wanatembea juu ya reli na tochi, wengine wanaosha njia, wengine wanapaka rangi, na taa zilikuwa zinabadilishwa kwa ratiba bila kungoja ziungue. Hapo kwenye ratiba ndo pana siri yote. Manahodha wetu wanaijua hii, jahazi linavutwa pwani na kupakwa deheni likiwa bado zima, hakuna anayengoja livuje katikati ya mlango wa bahari ndo akumbuke.

Sasa kufika mwisho wa miaka ya 1990 wale wapenzi wakaanza kulalamika. Rangi inabanduka, taa zimekufa hazirudishwi, mbao zinaoza, michezo ya kupanda inazimika mchana katikati. Walionekana watu wasio na kazi, yaani mtu mzima anahesabu taa zilizoungua? Mimi nasema walikuwa sahihi kabisa, na nataka nieleze kwa nini, manake hata hapa Malindi nikimwambia meneja rangi imeanza kutoka ananijibu "hiyo ni mapambo, tutaangalia bajeti ya mwaka ujao".

Njoo uone wakati wa kusi. Upepo unavuma kutoka baharini mchana na usiku, umebeba chumvi, na chumvi hio inatua kwa kila kitu. Chukua mkono wa ngazi ya slaidi, hoteli iko labda mita 50 kutoka majini. Ukiwa mbali unaona safi, unang'aa. Sogea karibu uiname. Chini ya kichwa cha bolti, pale washa inapokaa, ile pete ya chuma, kuna kimstari chembamba cha kahawia kimeshuka kama inchi moja. Pitisha kidole, hakisikiki. Lakini hicho kimstari ndo taarifa yenyewe, kinakwambia maji ya chumvi yameingia pale kati ya washa na chuma, yanakaa humo hayakauki, na bolti inaliwa shingoni ambako jicho halifiki. Ukiifungua unakuta kichwa kizima na nati nzima, alafu katikati imekonda. Sasa akija mtu na brashi akapaka rangi juu bila kufungua, hajatibu kitu, ameifuta taarifa tu, na bolti inaendelea kuliwa ikiwa imevaa nguo mpya.

Na usidanganyike na neno stenlesi. Kuna gredi ya 304 na kuna 316, hii ya pili imechanganywa molibdeni ndani na ndo inayostahimili chumvi vizuri zaidi, lakini dukani zote zinaitwa stenlesi na mnunuzi anaangalia bei. Tena ukifunga bolti ya stenlesi kwenye alumini bila kuweka plastiki katikati, hewa ya bahari inafanya alumini iliwe kwa kasi. Nimeona fremu nyingi za alumini Pwani hii zimekufa hivo hivo, bolti inang'aa na chuma kilichoishikilia kimegeuka unga mweupe.

Kwa hivo rangi kwanza ni kinga, sawa, hiyo kila mtu anaijua. Ila kuna jambo la pili watu hawalisemi: mpaka rangi, yule anayeipaka, ndiye mtu anayegusa kila sentimita ya mashine. Fundi anaangalia mota, beringi, breki. Mpaka rangi anapiga msasa kila kona, anapanda juu anaingia chini, na ufa wa weldingi yeye ndo wa kwanza kuuona kwa sababu kwenye rangi nyepesi iliyo nzima ufa unatoa kutu na kutu inaonekana. Ukimfukuza mpaka rangi umepunguza mshahara mmoja, ndio, lakini pia umetoa macho mawili yaliyokuwa yanakagua kila siku bila kuitwa mkaguzi. Ndo maana nikisikia bustani imeanza kubanduka rangi mimi siwazi uzuri, nawaza ni nini kingine hakiguswi.

Miaka hiyo hiyo ya 1990 Disneyland nao waliingia kwenye mfumo wa kupanga matengenezo kulingana na hatari ya kila kifaa, badala ya kukagua kila kitu kila usiku. Mfumo huu asili yake ni ndege za abiria, ripoti yake maarufu ilitoka Marekani mwaka 1978. Sitaki kuusema vibaya kwa sababu mimi mwenyewe nautumia: unajiuliza kifaa hiki kikiharibika nini kinatokea, kama mtu anaweza kuumia unakikagua mara nyingi, kama ni taa ya choo unaingoja. Ni akili nzuri kabisa. Shida ni kwamba unahitaji vitu viwili, kumbukumbu za miaka za kila mashine, na mafundi wazee wanaoijua mashine kwa sauti yake. Sasa meneja akiuchukua mfumo huu kama njia ya kupunguza watu, wa kwanza kuondoka ni hao wazee kwa sababu mishahara yao mikubwa, na unabaki na karatasi nzuri sana mikononi mwa kijana ambaye hajawahi kusikia beringi ikilia.

Tarehe 24 Desemba 1998 meli yao ya kitalii inayoitwa Columbia, ya kuzungusha wageni kwenye mto wa kuchimbwa mle bustanini, ilikuwa inakuja gatini. Ilikuja kwa kasi kuliko inavyotakiwa, aliyekuwa kazini pale gatini akatia kamba kwenye kile chuma cha kufungia kilichoko mbele ya meli, na meli bado inakwenda. Mtu yeyote aliyekulia forodhani anajua kitakachofuata. Chuma kiling'oka kikaruka kikapiga wageni waliokuwa kwenye foleni, mmoja akafariki. Uchunguzi ulikuta yule mfanyakazi alikuwa ni msimamizi aliyejaza nafasi na hakufunzwa vya kutosha kwa kazi ile, na faini ilikuwa dola 12,500. Naomba usome tena hapo: msimamizi aliyejaza nafasi. Meli ni ile ile, mto ule ule, ila mtu anayeijua hakuwepo siku hiyo. Baada ya hapo, mwaka 1999, California wakapitisha sheria ya serikali kukagua michezo ya kudumu kwenye bustani, kitu ambacho kabla yake kilikuwa kinaachiwa wenye bustani wenyewe.

Alafu ikaja tarehe 5 Septemba 2003, na hii ndo ninayowasomesha vijana mpaka wanaijua kwa moyo. Big Thunder Mountain, rola kosta iliyofunguliwa 1979, treni ya kuigiza ya machimbo ya dhahabu. Kwanza uelewe treni kama hii inavyoshikiliwa. Haikai tu juu ya reli kama ya SGR. Ina magurudumu ya juu yanayobeba uzito, ina ya pembeni yanayoizuia isiyumbe, na ina ya chini ya reli yanayoizuia isinyanyuke. Reli imekumbatiwa pande zote. Ukipoteza mkumbatio hata upande mmoja, treni iko huru, na kitu kilicho huru kwenye mwendo ule hakina rafiki.

Siku ile gurudumu la pembeni la kichwa cha treni lilitoka, ekseli ikashuka ikakwama, kichwa kikanyanyuka, behewa la mbele likaingia chini yake. Kijana wa miaka 22 akafa na watu 10 wakaumia. Idara ya usalama kazini ya jimbo ikakuta sababu ni matengenezo mabovu: bolti mbili hazikukazwa inavyotakiwa, na ule waya unaopitishwa kwenye vichwa vya bolti ili zisijifungue haukuwekwa kabisa. Waya! Kitu cha bei ya chini kuliko soda. Na kazi yake ni moja tu, kwamba hata kama fundi amesahau kukaza, bolti isipate nafasi ya kuzunguka. Yaani ni kinga ya pili ya kumlinda fundi dhidi ya kuchoka kwake mwenyewe, na kinga zote mbili zilikosekana mahali pamoja.

Lakini sio waya unaoniuma zaidi. Kinachoniuma ni kwamba treni ilikuwa inalia. Wafanyakazi wa pale waliisikia sauti isiyo ya kawaida kabla, na uamuzi uliochukuliwa ulikuwa treni itolewe, ila baada ya mzunguko mmoja zaidi. Ndo mzunguko ule.

Nikifika hapo darasani vijana wananyamaza kwa sababu wote wameshaisikia hiyo sentensi hapa hapa Malindi. Idi mosi, alasiri, watoto wamevaa nguo mpya, mkono wa Idi umo mfukoni, foleni imezunguka mpaka kwa wauza viazi vya rojo, na fundi anasikia pembea imeanza kugonga. Anamwambia mwenye pembea. Mwenye pembea hasemi "hapana", angesema hapana ingekuwa rahisi, mtu angebishana naye. Anasema "wamalize hawa waliolipa". Mimi nimeambiwa hivo na watu wema, watu wa dini, ambao wakimwona mtoto anavuka barabara vibaya wanamkimbilia. Hawana nia mbaya. Ni vile siku tatu za Idi ndo mapato yao ya miezi, na yule fundi pale ni kibarua wa siku, hana cheo, hana karatasi, sauti yake ni maoni tu.

Kwa mtazamo wangu viwango vinashuka hapo hapo, muda mrefu kabla ya kutu. Siku fundi anaposema "simamisha" na mashine ikaendelea, ameshafundishwa kwamba kusema ni kazi bure. Mara ya pili atasema kwa sauti ndogo. Mara ya tatu hatosema. Na baada ya miaka unakuta mahali ambapo cheklisti inajazwa tiki zote asubuhi kabla mtu hajatoka kwa kiti, sio kwa uvivu, ni kwamba kila mtu ameshajua ile karatasi haina uwezo wa kusimamisha kitu. Kwenye hoteli moja nilifanya kazi nikaandika mara kadhaa kwamba slaidi ifungwe, haikufungwa, mpaka nikaondoka. Naijua hiyo hali ya kuandika kitu na kujua hakuna atakayesoma.

Kinachonipa moyo ni kwamba inarudi. Disneyland ilirudi. Mwisho wa 2003 walileta mkuu mpya wa pale, Matt Ouimet, na kuelekea miaka 50 ya bustani mwaka 2005 wakapaka rangi, wakarekebisha vilivyooza, na rola kosta yao nyingine, Space Mountain, waliyokuwa wameifunga Aprili 2003 wakajenga reli yake upya kabisa, ikafunguliwa Julai 2005. Fikiria, mchezo mmoja unaopendwa sana umefungwa zaidi ya miaka 2 na wageni bado wanakuja. Mameneja wetu wanaogopa kufunga slaidi wiki moja mwezi wa Mei, msimu umelala, hoteli yenyewe nusu tupu!

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 hapa Kenya inataka lifti ikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa, na lifti ikikosa cheti unajua wa kumuuliza. Pembea ya Idi inabeba watoto wengi kwa siku kuliko lifti yoyote Malindi, na inaunganishwa usiku mmoja na kufumuliwa usiku mwingine, kila bolti inakazwa upya mkono kwa mkono. Ningependa sana kaunti ya Kilifi iwe na mtu mwenye spana ya kupima ukazaji anayepita uwanjani usiku wa kuamkia Idi. Mpaka hapo, wewe mzazi ukifika pale muulize anayekusanya pesa swali moja: fundi ni yupi? Kama hakuna mtu wa kukuonyesha kwa kidole, mchukue mtoto mkale aiskrimu.

Na kwa wenye pembea, wawili tumeshakubaliana nao: ufunguo wa jenereta unakaa kwa fundi sio kwa mkusanya pesa, akizima hakuna anayemuuliza mpaka amalize kuangalia, na siku hio analipwa kamili hata kama hakukuta kitu. Hilo la malipo ni muhimu, usimwadhibu mtu kwa kuwa mwangalifu. Yeyote mwingine wa Malindi, Mambrui au Watamu anayetaka nimwonyeshe vile tunavyopanga daftari la bolti aniandikie, sitoi bili, ila aje katikati ya Ramadhani, asingoje usiku wa mwezi kuandama.