Feispaki ni nini? Sura za wachezaji kwenye Football Manager

Fungua Football Manager, gemu ya kompyuta ya kuwa kocha wa timu ya soka, mtafute mchezaji wa Taifa Stars anayekipiga ligi ya nyumbani. Ukibahatika kumkuta, utaona tarehe yake ya kuzaliwa, mguu anaoutumia, hata uwezo wake wa kupiga vichwa umepewa alama kati ya 1 na 20. Pale pa picha pana kivuli cha kijivu tu: kichwa na mabega, basi. Kinachojaza kivuli hicho ndicho mashabiki wa gemu hii wanachokiita feispaki.

Kwa Kiswahili cha kawaida ni kifurushi cha sura. (Si kile cha bando, ingawa cha bando utakihitaji sana ili kukishusha hiki.) Lakini ukisema ni folda ya picha umesema nusu. Feispaki ni vitu viwili: picha, na daftari linaloeleza picha ipi ni ya nani. Wengi wanaolalamika kwamba wameweka picha na hazionekani, picha zao hazina tatizo. Wamekosea kwenye daftari.

Kwanza, kwa nini kivuli? Waliotengeneza gemu hii, Sports Interactive wa London, hawakushindwa kupata picha. Walianza na Championship Manager mwaka 1992, wakaja na jina la Football Manager kwa toleo la 2005 chini ya kampuni ya Sega, na tangu zamani wana watu duniani kote wa kuwaletea takwimu za wachezaji. Sura ni habari nyingine. Picha ina mpigapicha wake, na mwenye sura naye ana haki zake. Mwaka 2003 kipa Oliver Kahn alishinda kesi huko Ujerumani dhidi ya watengenezaji wa gemu nyingine ya soka waliomtumia bila idhini yake. Kwa hiyo leseni hununuliwa ligi kwa ligi. Bundesliga iliingia Football Manager 2019. Ligi Kuu ya Uingereza imeingia kikamilifu, na picha za wachezaji wake, kwenye Football Manager 26. Pasipo na leseni hata jina linaweza kubadilika, ndiyo maana kwa matoleo kadhaa Juventus ya Italia iliitwa Zebre. Sisi wa Afrika Mashariki ndiyo tuko mbali kabisa na foleni hiyo: kwa miaka mingi ligi pekee ya Afrika unayoweza kuicheza bila kuongeza kitu ni ya Afrika Kusini. Pengo hilo ndilo mashabiki wanalolijaza kwa mikono yao.

Sasa tuje kwenye daftari.

Gemu haimtambui mtu kwa uso. Kwa kazi hii haimtambui hata kwa jina, maana akina Silva wako wangapi? Kila mtu aliyemo, awe mchezaji, kocha au refa, ana namba yake peke yake, kama namba ya NIDA. Huioni mpaka uwashe uonyeshaji wa namba kwenye mipangilio. Picha nayo ni faili la kawaida la png, kwa kawaida la mraba, lenye upana wa pikseli mia mbili hivi, na mandharinyuma yake imekatwa ili kichwa kikae juu ya rangi yoyote ya ukurasa. Kinachoiunganisha namba na picha ni faili moja dogo la maandishi, config.xml. Lifungue kwa Notepad na utakuta mistari ya namna hii, mmoja kwa kila mtu:

<record from="12345" to="graphics/pictures/person/12345/portrait"/>

Usiuogope. Kushoto ni jina la faili lako la picha. Kulia ni anwani ya pale pa kuonyesha: kwenye picha, za watu, mtu mwenye namba 12345, sehemu ya sura. Mstari wote unasema "chukua hiyo, iweke hapo". Angalia pia kwamba upande wa kushoto hakuna ".png". Ukiiandika, gemu itatafuta faili ambalo halipo, nayo haitakuambia kitu. Itakurudishia kivuli kile kile.

Tuseme basi unataka kumpa sura beki mmoja tu. Ndani ya Documents kuna folda ya Sports Interactive, humo kuna ya Football Manager 2024 (au toleo lako), na humo unatengeneza folda yenye jina graphics, kwa sababu mara nyingi haipo mpaka uitengeneze mwenyewe. Ndani ya graphics tengeneza folda nyingine, iite hata "sura za nyumbani", gemu haijali. Picha uipe jina la namba yake, 12345.png. Nakili config.xml kutoka kwenye feispaki yoyote, futa mistari yote ya watu, acha mmoja, badilisha namba mara mbili, hifadhi. Juu ya faili hilo utaona neno "preload" lenye thamani "false". Liache hivyo hivyo. Ukiliweka "true" unaiambia gemu ipakie picha zote pale inapowaka, na kwa pakiti kubwa utaenda kupika chai na kurudi.

Mtego mwingine uko kwenye Windows yenyewe, ambayo huficha mkia wa jina la faili. Unadhani umehifadhi config.xml, kumbe ni config.xml.txt. Unadhani 12345.png, kumbe 12345.png.png. Washa uonyeshaji wa mikia ya mafaili kabla hujaanza kulaumu kompyuta.

Kosa langu mimi lilikuwa kubwa zaidi. Nilikuwa nimeshusha pakiti nzima, gigabaiti kwa gigabaiti, usiku wakati bando ni rahisi. Nikatengeneza sura moja ya winga niliyempenda, nikaitupia kwenye folda ile ile pamoja na config.xml yangu ya mstari mmoja. Kompyuta ikauliza kama nibadilishe faili lililopo. Nikabonyeza ndiyo. Winga wangu akatokea, anapendeza kweli, na dunia nzima iliyobaki ikageuka vivuli. Picha zote zilikuwa bado pale kwenye diski. Daftari lao ndilo nililolifuta. Tangu hapo za kwangu nazitengea folda yao, na daftari lao.

Ukishapanga kila kitu, gemu bado inaweza kukukatalia kwa sababu imehifadhi kumbukumbu ya mwonekano wa zamani, yaani kashe. Ingia Preferences, ondoa tiki kwenye kisanduku cha kutumia kashe, weka tiki kwenye kile cha kupakia skini (mwonekano wa gemu) upya, kisha thibitisha. Sekunde chache za kusubiri, halafu sura zinaanza kutokea moja moja. Nakiri kwamba dakika ile ya kwanza mtu huwa hachezi kabisa, anazunguka tu kukagua vikosi.

Logo za klabu na jezi hufuata utaratibu huo huo: namba ya klabu badala ya mtu, na anwani ya upande wa kulia inabadilika. Sina la kuongeza hapo.

Lakini kuna wachezaji ambao hakuna feispaki inayoweza kuwafikia. Ukicheza misimu kumi, akina Mbappé wanastaafu na gemu inazalisha vijana wake, wanaoitwa nyujeni. Hawa hawajawahi kuzaliwa, kwa hiyo hakuna aliyewapiga picha. Gemu inawachorea uso wake yenyewe, na mara nyingi uso huo unafanana na sanamu ya dirisha la duka la nguo. Ndipo mashabiki wakaja na programu kama NewGAN Manager. Inachukua orodha ya vijana uliyoitoa kwenye gemu, inaangalia utaifa wao, inampa kila mmoja sura iliyotengenezwa na akili mnemba, kisha inakuandikia config.xml yake.

Tatizo ni kwamba namba za nyujeni ni za kazi hiyo moja, yaani mchezo ule mmoja uliouanza na kuuhifadhi, haziishi nje yake. Ukianza kazi mpya, namba ile ile anapewa kijana mwingine kabisa, na daftari lako la zamani halijui kuwa umehama. Mimi nilianzia upya Ulaya baada ya misimu mingi ya kukuza vijana wa Kitanzania. Msimu wa pili akapanda kipa chipukizi wa Norway, jina la Kinorway, wazazi wa Kinorway, na sura ya kiungo wangu wa Morogoro.