Joto la Bahari ya Kale Katika Udongo wa Kilwa

Mashapo yanayotuama kwenye sakafu ya bahari hujipanga tabaka juu ya tabaka, na ndani yake husalia magamba ya foraminifera, viumbe wa seli moja ambao wengi wao hawazidi chembe ya mchanga kwa ukubwa. Gamba hilo hujengwa kwa madini ya chokaa yatokanayo na maji, na humo ndimo joto la maji huacha alama yake: kadiri maji yalivyokuwa baridi, ndivyo gamba lilivyobeba oksijeni-18, iliyo nzito, kwa wingi zaidi likilinganishwa na oksijeni-16. Barafu ya nchi kavu nayo huingilia hesabu, kwani huhodhi oksijeni nyepesi na kuiacha ile nzito baharini. Kwa sababu hiyo wataalamu hupima pia uwiano wa magnesi na kalsiamu katika gamba, ambao hufuata joto bila kuingiliwa na barafu.

Njia hiyo ilipotumiwa kwa mashapo ya enzi ya Eosini, takriban miaka milioni 56 hadi 34 iliyopita, ilileta jibu la kutatanisha. Kwenye ncha za dunia kulikuwa na joto na karibu hakuna barafu, lakini bahari za tropiki zilionekana kuwa na nyuzi 15 hadi 23 tu za Selsiasi, baridi ambayo mvuvi wa Kilwa wa leo haijui. Wapo waliozitilia shaka modeli za hali ya hewa, zilizotabiri tropiki yenye joto zaidi. Kumbe penye kasoro palikuwa kwenye magamba yenyewe.

Mwaka 2001 mwanasayansi Paul Pearson na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya magamba yaliyohifadhika vizuri mno, yakiwemo ya pwani ya Tanzania, na vipimo hivyo vikaonyesha nyuzi 28 hadi 32 au zaidi. Magamba mengi yaliyochorongwa katika bahari kuu huwa meupe na yasiyopitisha mwanga, kwa sababu madini yake yalijiunda upya yakiwa tayari yamelala kwenye sakafu yenye baridi, hivyo joto lililosomwa lilikuwa kwa sehemu la sakafu na si la juu ya maji, ambako viumbe hao waliishi. Udongo wa mfinyanzi wa Kilwa na Lindi haupitishi maji na haukuwahi kufukiwa kwa kina kirefu. Ukiuloweka, ukauchekecha na kuyatazama mabaki kwa hadubini, unayakuta magamba yakiwa angavu kama kioo, na vitundu vyake vikionekana kimoja kimoja.

Uchorongaji uliofuata, ambao Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania lilishiriki, ulifanyika nchi kavu, kwa kuwa sakafu hiyo ya kale imekwisha kuinuka. Tabaka zake zimepewa majina ya Nangurukuru, Kivinje, Masoko na Pande. Kwa maoni yangu, yenye thamani kubwa kuliko zote ni za Pande, kwani zina mpaka wa Eosini na Oligosini, enzi iliyoifuata, bila pengo kubwa, mahali ambapo Hantkenina, foraminifera mwenye miiba, anatoweka moja kwa moja. Elementi ya boroni iliyomo katika magamba hayo hudokeza kiwango cha asidi cha maji, na kupitia asidi hiyo hukadiriwa kabonidayoksaidi ya angani. Matokeo ya mwaka 2009 yalionyesha kwamba gesi hiyo ilipungua kabla ya barafu ya Antaktika kukua kwa kasi, ikapanda tena ghafla, kisha ikaanza kushuka polepole.